Serikali mpya ya Ireland inaweza kudumu na imani ya wananchi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeishi Dublin tangu 2009. Kila uchaguzi ukipita, jamaa zangu wa Mombasa na Dar es Salaam, pamoja na Waswahili wenzangu wa hapa, huniuliza maswali yanayofanana: hawa walioingia watadumu? Mbona waliowachagua juzi leo wanawalaani? Nimeyakusanya hapa. Mengi nayajibu kwa kisa cha serikali ya 2011, kwa sababu niliiona kwa macho yangu ikipanda na ikishuka. Ya sasa, iliyoundwa Januari 2025, inafuata baadaye.

Taoiseach na Dáil ni nini?

Taoiseach ni Waziri Mkuu. Hutamkwa karibu na "Tishokh". Tánaiste ni naibu wake. Dáil, yaani "Doil", ni baraza la Bunge linalomchagua Waziri Mkuu na linaloweza kumwangusha. Rais yupo, lakini haendeshi serikali. Kuanzia hapa nitasema tu Waziri Mkuu na Bunge.

Kwa nini uanze na 2011 badala ya serikali ya leo?

Kwa sababu hakuna serikali ya Ireland iliyowahi kuanza na viti vingi kama ile, wala sikumbuki nyingine iliyopokelewa kwa matumaini kiasi kile. Miaka mitano baadaye vyama vyake viwili vilikuwa vimepoteza nusu ya wabunge wao. Anayetaka kujua kama hawa wa sasa watadumu, na aanze kwa kuelewa jinsi wale walivyopoteza.

Hali ilikuwaje watu walipokwenda kupiga kura Februari 2011?

Nchi ilikuwa kama nyumba yenye msiba. Usiku wa tarehe 29 Septemba 2008, serikali ya Brian Cowen wa chama cha Fianna Fáil iliamua kuzidhamini benki za nchi, karibu madeni yao yote. Benki hizo zilikuwa zimekopesha ovyo kwenye ujenzi. Bei za nyumba zilipoporomoka, hasara ikatoka kwenye vitabu vya benki ikahamia mabegani mwa mlipa kodi. Kuzinusuru kuligharimu takriban euro bilioni 64.

Novemba 2010 serikali ikasalimu amri na kukubali mpango wa euro bilioni 85. Kati ya hizo, bilioni 67.5 zilikuwa mkopo kutoka Umoja wa Ulaya, IMF na nchi kadhaa ikiwemo Uingereza. Zilizobaki ni fedha za Ireland yenyewe, pamoja na akiba iliyowekwa kwa ajili ya pensheni. Maofisa wa IMF, Tume ya Ulaya na Benki Kuu ya Ulaya, ambao watu waliwaita Troika, wakawa wanakuja Dublin kila baada ya miezi mitatu kukagua hesabu.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatukuhitaji kuelezwa IMF ni nani. Tulikua tukiyasikia masharti yake redioni: punguza wafanyakazi wa serikali, wananchi wachangie gharama. Kwa Wairishi ilikuwa fedheha mpya. Vijana waliondoka kwa maelfu kwenda Australia na Kanada, na nje ya miji kulikuwa na mitaa mizima ya nyumba zisizo na madirisha wala watu, nyasi zimeota hadi kwenye vizingiti.

Kura za Ireland hupigwaje, na hilo linahusiana vipi na imani ya wananchi?

Mpiga kura hachagui mgombea mmoja tu. Anaandika 1 mbele ya anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea kadiri apendavyo. Kila jimbo hutoa wabunge watatu hadi watano. Mgombea akivuka kiwango kinachotakiwa, kura zake za ziada huhamia kwa chaguo linalofuata. Anayeshika mkia akitolewa, karatasi zake nazo hugawiwa hivyo hivyo. Kuhesabu kunaweza kuchukua siku kadhaa.

Mara ya kwanza kuishika karatasi hiyo ilikuwa Mei 2014, kwenye uchaguzi wa madiwani. Ilikuwa ndefu, ina picha ya kila mgombea na nembo ya chama chake, na kibandani kulikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kumpa mtu namba moja ni rahisi. Kazi ni kuamua nani awe wa sita na nani wa saba.

Mfumo huu unazaa mambo mawili. La kwanza, tangu 1977 hakuna chama kilichopata wingi wa viti peke yake, kwa hiyo serikali za mseto ndizo kawaida. La pili, mbunge wa chama tawala hushindana na mwenzake wa chama hicho hicho ndani ya jimbo moja. Ndiyo maana Jumamosi utamkuta ofisini kwake akisikiliza habari za kadi ya matibabu na mashimo ya barabarani, na jioni utamwona msibani. Hasira ya mtaa humfikia yeye kwanza, siku nyingi kabla haijamfikia waziri.

Serikali ya 2011 ilipewa imani kiasi gani?

Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Februari 2011. Vyama viwili vilivyounda serikali, Fine Gael na Labour, vilipata viti 76 na 37. Jumla 113 kati ya 166. Fianna Fáil, chama kilichotawala sehemu kubwa ya historia ya nchi hiyo huru, kilishuka kutoka asilimia 41.6 ya kura mwaka 2007 hadi 17.4, kikabaki na viti 20. Katika jiji na kaunti nzima ya Dublin kilipata kiti kimoja tu. Chama cha Kijani, mshirika wake mdogo, hakikupata hata kimoja.

Enda Kenny, kiongozi wa Fine Gael na mwalimu wa zamani kutoka kaunti ya Mayo aliyekuwa bungeni tangu 1975, alichaguliwa Waziri Mkuu tarehe 9 Machi kwa kura 117 dhidi ya 27. Nakumbuka wiki ile. Hata watu ambao hawakumpigia kura walisema: mwacheni afanye kazi.

Waliahidi nini hasa?

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote.

Kiongozi wa Labour, Eamon Gilmore, alisimama kwenye kampeni akasema uchaguzi ni kati ya njia ya Labour na njia ya Frankfurt, akimaanisha Benki Kuu ya Ulaya. Chama chake kikatoa tangazo la gazetini lililoiga matangazo ya duka kubwa, likiorodhesha maumivu ambayo Fine Gael ingewaletea watu ikitawala peke yake: posho ya watoto kukatwa, maji kulipiwa, kodi ya ongezeko la thamani kupanda. Siku chache kabla ya kura, Ruairi Quinn wa Labour alisimama nje ya Trinity College na kusaini mbele ya wanafunzi ahadi ya kutopandisha ada.

Sasa tazama yaliyofuata. Quinn akawa Waziri wa Elimu, na mchango wa mwanafunzi wa chuo kikuu ukapandishwa kwa euro 250 kila mwaka hadi ukafika 3,000. Kodi ya ongezeko la thamani ikapanda kutoka asilimia 21 hadi 23 Januari 2012. Posho ya watoto ikakatwa. Ada ya maji ikaja. Yaliyoorodheshwa kwenye lile tangazo yakatekelezwa moja baada ya jingine, na Labour ikiwa imekaa mezani.

Lakini si kweli kwamba hawakuwa na la kufanya? Fedha hazikuwepo.

Ni kweli hazikuwepo, na sitaki kuwaonea. Masharti ya Troika yalisainiwa na serikali iliyotangulia, na hata suala la ada ya maji lilikuwa limeshaandikwa humo. Mshahara wa mwalimu na wa muuguzi ulitegemea fedha za mkopo.

Ila ukweli huo ulijulikana Februari 2011 kama ulivyojulikana Desemba. Mkataba ulikuwa hadharani, yeyote aliweza kuusoma. Walioomba kura wangeweza kusema: tutakata, na hiki ndicho tutakachokilinda. Nadhani wangeshinda hata hivyo, kwa jinsi Fianna Fáil walivyochukiwa. Badala yake walitoa neno walilojua kwamba halitasimama. Mwishoni mwa 2012 waziri mmoja wa Labour alipobanwa kwenye televisheni kuhusu ahadi hizo, alijibu kwamba hivyo ndivyo watu hufanya wakati wa uchaguzi. Sentensi hiyo watu hawajaisahau hadi leo.

Mtu anayepunguziwa kipato huumia. Akigundua kwamba aliyempunguzia alimwangalia usoni akamwambia hatampunguzia, maumivu hayo ni ya aina nyingine, na hayaponi uchumi unapopona.

Ni lini watu walianza kuwageuka?

Haikutokea siku moja, lakini naweza kukuonyesha hatua.

Desemba 2011 Kenny alihutubia taifa kwenye televisheni, akawaambia wananchi kwamba mgogoro ule si kosa lao. Maneno mazuri, na yalipokelewa. Wiki chache baadaye, Januari 2012, akiwa Davos mbele ya matajiri wa dunia, alisema kwamba watu wa nchi yake waliingia wazimu wa kukopa. Nyumbani kauli moja, ugenini nyingine. Kazini kwangu hilo lilizungumzwa wiki nzima.

Kisha ikaja ada ya kila nyumba, euro 100. Ilipofika tarehe ya mwisho, 31 Machi 2012, karibu nusu ya wenye nyumba hawakuwa wamelipa. Siku hiyo hiyo Fine Gael walikuwa na mkutano mkuu kwenye ukumbi ulioko ukingoni mwa mto Liffey, na maelfu ya waandamanaji walijaa nje. Haya yote yalitokea mwaka mmoja tu baada ya ule ushindi.

Septemba 2012 naibu waziri wa afya kutoka Labour, Róisín Shortall, alijiuzulu. Desemba mwenyekiti wa Labour mwenyewe alipiga kura dhidi ya bajeti. Machi 2013, katika uchaguzi mdogo wa Meath East, Fine Gael walishinda lakini Labour ilipata asilimia 4.6, ikawa ya tano. Muhula ulikuwa haujafika nusu.

Kodi ya majengo ililipwa, ada ya maji ikakataliwa. Kwa nini?

Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba wananchi hawapimi serikali kwa kiasi cha fedha peke yake.

Kodi ya majengo ilianza 2013. Ilikusanywa na mamlaka ya mapato, ambayo watu waliizoea na ambayo ina uwezo wa kukata kwenye mshahara au pensheni. Watu walinung'unika wakalipa. Maji yalikuwa jambo jingine. Ada za maji majumbani zilishafutwa miaka ya 1990, na watu waliamini kwamba tayari wanayalipia kupitia kodi. Ikaundwa kampuni mpya, Irish Water. Januari 2014 ikafichuka kwamba ilikuwa imetumia takriban euro milioni 50 kwa washauri. Ikataka namba za utambulisho za watu. Ikachimba njia za miguu mbele ya milango kuweka mita, wakati bei yenyewe haijajulikana.

Mtaani kwetu mafundi walifika asubuhi moja ya vuli mwaka 2014. Kuna bibi mmoja, mjane, aliyekuwa na desturi ya kunisalimia kila nikitoka kazini usiku. Alitoa kiti cha jikoni, akakiweka juu ya kile kifuniko cha chuma kwenye njia ya miguu, akakaa. Amevaa koti la mvua, ana chupa ya chai. Majirani wakaja kusimama naye kwa zamu. Nilimuuliza kwa nini hili, wakati amelipa yale mengine yote. Jibu lake lilikuwa kwamba yale mengine aliyalipa kwa kuwa nchi ilikuwa na shida, lakini shida imetangazwa kwamba imekwisha, na bado wanabisha hodi. Mafundi walisubiri hadi adhuhuri, wakapakia vifaa wakaondoka.

Ukimwelewa bibi yule, umeielewa Ireland ya wakati ule. Tarehe 11 Oktoba na tena 1 Novemba 2014, makumi ya maelfu waliandamana. Serikali ikarudi nyuma, ikaweka kiwango cha euro 160 kwa anayeishi peke yake na 260 kwa nyumba ya watu wazima zaidi ya mmoja, pamoja na ruzuku ya 100. Haikusaidia. Mwaka 2016 ada zikasimamishwa, 2017 zikafutwa, na waliokuwa wamelipa wakarudishiwa fedha zao.

Walimaliza mpango wa mkopo mapema kuliko wengine. Mbona hawakushukuriwa?

Desemba 2013 Ireland ilikuwa nchi ya kwanza ya kanda ya euro kutoka kwenye mpango wa aina hiyo. Februari mwaka huo huo serikali ilikuwa imepata unafuu wa deni la benki ya Anglo Irish, lililokuwa likidai zaidi ya euro bilioni 3 kila mwaka. Ukosefu wa ajira ulishuka kutoka takriban asilimia 15 mwaka 2012 hadi chini ya 9 mwanzoni mwa 2016. Kwa hesabu, ni kazi kubwa, nami naiheshimu.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba takwimu hizo zimeingia majumbani. Kampeni ya 2016 Fine Gael walikuja na kaulimbiu ya kuendeleza ufufuo wa uchumi. Katikati ya Dublin, kwenye ofisi za kampuni za teknolojia, ufufuo ulionekana. Katika miji midogo ya magharibi na katikati ya nchi, ambako duka la posta limefungwa na mtoto bado yuko Sydney, watu waliuliza: ufufuo gani? Ilikuwa kama mgeni kukusifia karamu ambayo hukualikwa.

Hakuna walichofanya kikapendwa?

Kipo, tena kikubwa. Julai 2011 Kenny alisimama bungeni akaikosoa Vatikani kwa ukali kuhusu kuficha unyanyasaji wa watoto katika dayosisi ya Cloyne. Hakuna Waziri Mkuu wa Ireland aliyewahi kusema hivyo. Februari 2013 aliwaomba radhi wanawake waliofungiwa kwenye nyumba za kufulia nguo za Magdalene, zilizoendeshwa na watawa, akilia. Mei 2015 kura ya maoni kuhusu ndoa za jinsia moja ilipita kwa asilimia 62. Uungaji mkono kwa mambo hayo ulikuwa wa kweli, ila haukugeuka kuwa kura za chama. Mtu anaweza kukushukuru kwa neno la haki na bado akakunyima kura kwa sababu ya bili.

Kwa nini chama kidogo ndani ya mseto ndicho huumia zaidi?

Angalia orodha. Progressive Democrats walikuwa na viti 8 mwaka 2002. Baada ya 2007 walibaki na 2, na chama kikavunjwa. Kijani: 6 hadi sifuri, 2011. Labour: 37 hadi 7, 2016. Kijani tena: 12 mwaka 2020, 1 mwaka 2024.

Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba anayekipigia kura chama kikubwa mara nyingi amerithi kura hiyo kwa baba na babu, na hategemei miujiza. Anayekipigia chama kidogo anataka mabadiliko fulani, anayajua kwa jina. Yasipokuja, hana undugu wa kumrudisha. Tena mshirika mdogo hukaa kwenye kikao lakini sauti yake haisikiki nje. Wakati wa 2011 maamuzi makubwa yalipitia baraza la mawaziri wanne tu, wawili wa kila chama, na wabunge wa kawaida wa Labour walisikia habari kama sisi, redioni. Mei 2014 walipoteza madiwani kwa makumi, wakabaki 51, na Gilmore akaachia uongozi.

Matokeo ya 2016 yalikuwaje?

Fine Gael 50, Labour 7, kwenye Bunge lililopunguzwa hadi viti 158. Fianna Fáil, waliodhaniwa wamekufa, walirudi na 44. Ilichukua siku 70 hadi Kenny akachaguliwa tena, safari hii kwa hisani ya Fianna Fáil waliokubali kutomwangusha.

Serikali ya sasa ni ipi, na ina nguvu kiasi gani?

Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Novemba 2024. Fianna Fáil 48, Sinn Féin (chama cha upinzani) 39, Fine Gael 38, kwenye Bunge la viti 174. Maadui wa jadi, Fianna Fáil na Fine Gael, ambao mgawanyiko wao ulianzia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, waliungana tena kama walivyofanya 2020. Walipungukiwa viti vichache, wakavijaza kwa wabunge wa kujitegemea. Micheál Martin ni Waziri Mkuu hadi Novemba 2027, kisha Simon Harris wa Fine Gael anapokea.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Tarehe 22 Januari 2025 Bunge liliahirishwa kwa vurugu bila kumchagua Waziri Mkuu, kwa sababu baadhi ya wabunge wa kujitegemea wanaoiunga mkono serikali walitaka pia wapewe muda wa kuzungumza uliotengwa kwa upinzani. Martin alichaguliwa kesho yake. Ugomvi ule ukaendelea kwa wiki nyingi. Kwa mwananchi anayetafuta nyumba ya kupanga, kuona Bunge likigombania dakika za kusema kulikuwa jambo la kusikitisha.

Inafanana na ile ya 2011?

Kwa umbo, hapana. Ile ilianza na asilimia 55 ya kura. Hii na 43 hivi, na waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 60. Ile ilikuta hazina tupu; hii imekuta ziada, pamoja na takriban euro bilioni 14 za kodi ambazo mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 2024 kwamba Apple izilipe. Ile ilikuwa na chama kidogo cha kubeba lawama, hii haina. Lawama zitawaangukia wakubwa wenyewe.

Kwa tabia, naona kitu kile kile. Wakati wa kampeni ya 2024 viongozi walirudia kwamba nyumba karibu 40,000 zingekamilika mwaka ule. Takwimu rasmi zilipotoka Januari, zilikuwa 30,330. Tofauti ya nyumba elfu kumi, na wakati huo uchaguzi umeshapita. Hadi mwaka 2025 watu zaidi ya 15,000 walikuwa wanalala kwenye makazi ya dharura, wakiwemo maelfu ya watoto. Katika jamii yetu nawajua watu wenye kazi mbili wanaolala wanne kwenye chumba kimoja, na wengine wamehama mji lakini wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu.

Ada ya chuo nayo imerudi. Wanafunzi walikuwa wamezoea punguzo la muda la euro 1,000. Katikati ya 2025 waziri akasema huenda wakarudi kulipa 3,000 kamili. Kelele zikapigwa, na bajeti ya Oktoba ikaishia kwenye 2,500. Ni unafuu kwa kuandikwa, ila mzazi anayelinganisha na mwaka uliotangulia anaona ameongezewa 500.

Uchaguzi wa rais wa Oktoba 2025 ulisema nini?

Ulisema mengi. Catherine Connolly, mbunge wa kujitegemea kutoka Galway aliyeungwa mkono na vyama vya mrengo wa kushoto, alipata asilimia 63. Heather Humphreys wa Fine Gael alipata chini ya 30. Mgombea wa Fianna Fáil, Jim Gavin, alijiondoa katikati ya kampeni kwa suala la kodi ya ziada ambayo mpangaji wake wa zamani alikuwa hajarudishiwa. Kati ya mambo yote, kodi ya nyumba!

Linalonikaa moyoni zaidi ni karatasi zilizoharibika: karibu asilimia 13. Watu zaidi ya laki mbili walivaa viatu, wakaenda kituoni, wakapanga foleni, ili kuandika kwamba hawamtaki yeyote. Huyo si mtu asiyejali. Serikali yenye hekima ingemtafuta huyo kabla ya mwingine yeyote.

Kwa maoni yako, itadumu?

Kukaa madarakani, naamini inaweza. Wabunge wa kujitegemea hawana haraka ya uchaguzi, na uchumi hauhitaji makato kama ya 2011. Kupendwa ni suala jingine. Ningekuwa mshauri wao ningesema: acheni kutaja idadi ya nyumba zijazo. Taja zilizokabidhiwa funguo mwezi huu, kaunti kwa kaunti, hata kama ni chache. Watu wa hapa walivumilia makato ya 2008 hadi 2010 bila kuchoma jiji. Wana subira kubwa kwa habari mbaya ikisemwa mapema na mhusika mwenyewe.

Pia ningewaomba wasitafute wa kumsukumia lawama. Uhaba wa nyumba umewafanya baadhi ya watu wawaelekezee vidole wahamiaji, na kila kiongozi anayenyamaza kuhusu nyumba ambazo hazikujengwa anaiachia kauli hiyo nafasi ya kukua. Sisi ndio tunaoilipia, kwenye basi na kwenye foleni ya kutazama chumba.

Mimi ni mhamiaji kutoka Tanzania, Kenya au Kongo. Nina kura?

Unayo, na wengi hawajui. Kwenye uchaguzi wa madiwani, kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kupiga kura, uraia wowote. Uchaguzi wa Bunge ni wa raia wa Ireland na wa Uingereza. Rais na kura za maoni ni za raia wa Ireland peke yao. Ukishapata uraia, nenda ukabadilishe taarifa zako kwenye daftari la wapiga kura, maana usiposema hutahamishwa kutoka orodha moja hadi nyingine.

Uchaguzi ujao wa madiwani ni 2029. Kujiandikisha hufanywa kwenye halmashauri yako au mtandaoni, siku yoyote ya mwaka. Nilipokwenda mimi, karani alinipa fomu moja, akaangalia anwani yangu, tukamaliza kwa dakika kumi.